Atakayetangulia Bandarini

Kinyerezi hakuna bahari. Mitaa yake imekaa juu ya vilima vya magharibi ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 10 kutoka ufukweni, na anayeingia huku leo hupokewa na nguzo za umeme mkubwa na mitambo ya gesi. Hata hivyo gesi yenyewe ni mali ya pwani. Bomba lililokamilika mwaka 2015 linatoka Mtwara, linapokea gesi ya Songosongo pale Somanga, halafu linapanda kaskazini mpaka huku kwetu. Mwelekeo huohuo, kutoka Kilwa kupita mbele ya milango ya Rufiji hadi Dar es Salaam, ulikuwa njia ya majahazi kwa karne nyingi. Yalibeba boriti, nazi, mikeka na ng'onda, na nahodha alikuwa na tanga, mabaharia na hesabu yake ya upepo, basi.

Wala huku bara hakukuwa nje ya habari za bahari. Uzaramo ulikuwa nchi ya miembe na mikorosho kabla haujawa nchi ya viwanja vinavyouzwa kwa hatua. Mwembe mkongwe, mnene, ulionyooka na usio na pango ndani, ndio mwili wa ngalawa. Fundi hakungoja gogo limfikie pwani. Aliufuata mti ulipo, akakubaliana bei na mwenye shamba, akauangusha na kuuchonga palepale ulipolala ili uzito upungue, kisha watu wakakusanyika kuuburuta kwa kamba na magogo ya kuviringishia. Chombo kilifika ufukweni kikiwa na umbo la kwanza tu. Kazi ya tezo, ile ya kukondesha ubavu kidogo kidogo, ilimaliziwa mchangani. Ubavu ukibaki mnene, ngalawa inakuwa nzito na haitamshinda mtu. Ukikondeshwa mno, jua na mawimbi yataupasua. Kati ya makosa hayo mawili ndipo jina la fundi linapojulikana au kupotea.

Gogo pekee halibebi tanga; litapinduka kwa upepo wa kwanza. Kwa hiyo miti miwili, mirengu, hulazwa kukata mwili wa chombo, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kwenye ncha zake hufungwa matengo, mbao mbili zinazogusa maji kila upande. Matengo ya kwetu hayakulazwa bapa, yameinamishwa kidogo, ili ubao wa upande unaosukumwa chini na upepo upate kunyanyuliwa na mwendo wenyewe wa maji. Jinsi chombo kinavyokimbia ndivyo kinavyojisimamisha. Ndiyo maana ngalawa nyembamba, ambayo mtu mmoja anaweza kukaa ndani yake magoti yakigusa kuta zote mbili, hubeba tanga ambalo ukiliona limetandazwa mchangani unadhani ni la chombo kikubwa mara mbili. Matengo ya namna hii yanapatikana pwani yetu, Komoro na Madagaska, na wataalamu wa vyombo wanaona mkono wa mabaharia waliovuka bahari kutoka visiwa vya Indonesia zamani sana.

Nimeanza na ngalawa kwa sababu ndiyo chombo cha maskini, na resi za pwani hii zimetoka kwa watu wa kazi. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke katika historia hii yote. Wengi wanaoona matanga yakishindana mbele ya Forodhani kule Unguja au Lamu wanadhani wanatazama burudani iliyobuniwa kwa ajili ya sikukuu na wageni. Ukifuata mambo tangu nyuma unakuta kwamba kukimbizana baharini kulikuwa sehemu ya riziki, na sherehe imekuja juu yake baadaye.

Maandishi ya kale kabisa kuhusu vyombo vyetu ni kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kiitwacho Periplus. Kinataja mji wa Rhapta, ambao wengi wanauweka mahali fulani kwenye pwani yetu ya Tanzania, na kinasema jina lake limetokana na vyombo vya kushonwa. Kinataja pia mitumbwi ya gogo. Wareno walipofika mwaka 1498 walikuta bado mbao zinashonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na matanga ni ya mikeka. Chombo hicho, mtepe, kiliendelea kuundwa katika visiwa vya Lamu hadi karne iliyopita, na miaka ya 1930 ndiyo ilikuwa mwisho wake. Mtepe ulikuwa mwepesi na ulistahimili kugonga mchanga, kwa kuwa mshono hulegea pale ambapo msumari ungevunja ubao. Lakini tanga lake la mraba halikuwa hodari wa kubisha, yaani kuupanda upepo kwa kwenda huku na huku. Tanga la kitambaa lililofungwa kwenye foromali, mti mrefu ulioinamishwa, ndilo lililoishinda mikeka, na katika karne ya 19 kitambaa hicho kikawa kingi na rahisi: merikani, pamba iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem.

Hapo ndipo mwendo ulipogeuka kuwa fedha. Kaskazi ilileta vyombo vya Ghuba na Bara Hindi kuanzia mwezi wa Desemba, na kusi ikavirudisha kuanzia Aprili. Mwaka wa baharia ulihesabiwa kwa Nairuzi, siku baada ya siku, mwongo baada ya mwongo, siku kumi kumi, ili ajue lini upepo utamkubali na lini bahari imefungwa. Katika ratiba kali kama hiyo aliyetangulia aliuza tende, chumvi na papa wake kabla soko halijafurika, akapakia kabla ghala hazijawa tupu, akaondoka na kusi laini. Aliyechelewa alipambana na kusi yenyewe ikiwa kali, au alibaki bandarini akila mtaji mpaka msimu mwingine. Manahodha wawili waliotoka pamoja Lamu kwenda Unguja hawakuhitaji mtu wa kuwapigia filimbi. Kila mmoja alijua maana ya kuona tezi la mwenzake badala ya omo.

Dar es Salaam yenyewe ilizaliwa katika hesabu hizo. Sultani Majid alianza kuijenga katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, akiitaka bandari iliyojificha na upepo mbaya, na Septemba 1867 akawakaribisha makonseli wa kigeni kuja kuiona. Alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora hadi Wajerumani walipofika na kuufanya makao makuu yao mwaka 1891. Lakini majahazi hayakusubiri serikali. Kando ya bandari kubwa, gati la majahazi liliendelea kupokea mzigo wa Unguja, Mafia na Kilwa, na upande wa Msasani na Kunduchi ngalawa ziliendelea kutoka alfajiri kama zilivyotoka kabla ya Majid.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo haipendezi kusimuliwa, na si haki kuiruka. Kasi ya vyombo vyetu ilitumika pia kubeba watu waliouzwa. Baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa Unguja, biashara ilijificha, na majahazi mepesi yakawa yanavuka usiku kwenda Pemba, mashua za manowari za Uingereza zikiyawinda. Desemba 1881 nahodha Brownrigg wa manowari ya HMS London aliuawa karibu na Pemba alipolikaribia jahazi lililokuwa na bendera ya Ufaransa. Suala la bendera hizo, ambazo wenye vyombo wa Oman walizitumia ili wasipekuliwe, lilisumbua hadi likafikishwa kwenye mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu mwaka 1905. Mabaharia walioshika kana, mpini wa usukani, na demani, kamba ya tanga, katika safari hizo za usiku walikuwa mahodari. Ngamani, chini ya miguu yao, walikuwemo watu ambao uhodari huo uliwaangamiza. Anayesifia umahiri wa mabaharia wa zamani ayabebe yote mawili.

Karne ya 20 ilileta meli za moshi, na wengi walitabiri kwamba tanga limekwisha. Halikwisha haraka. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri msimu wa 1938 na 1939 ndani ya Bayan, jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akaandika kitabu Sons of Sinbad kilichotoka mwaka 1940. Walishuka pwani yote hadi Unguja, kisha wakaingia Rufiji kupakia boriti za mikoko. Alichokieleza kule ni taabu tupu: tope, mbu, homa, na mabaharia wakibeba miti mabegani siku nyingi mfululizo ili nyumba za Kuwait zipate dari. Nawataja mabaharia hao kwa sababu wanatuonyesha baharia wa kweli alikuwa nani. Kazi ya tanga ilikuwa sehemu ndogo ya maisha yake. Sehemu kubwa ilikuwa kubeba, kufua maji, kukalafati na kupaka deheni. Mshahara hakuwa nao. Alikuwa na sehemu. Mapato yakishatolewa gharama, chombo kilipata fungu lake, nahodha lake, na kila baharia lake, na aliyekuwa mzembe wenzake walimjua kabla ya mwenye chombo.

Mgao huo ndio ulioifanya ngalawa ya mvuvi iwe chombo cha mashindano kila siku ya Mungu. Samaki hawasubiri, na barafu zamani haikuwepo. Ngalawa zilizotoka pamoja usiku kwa umande, upepo wa nchi kavu, zilirudi pamoja upepo wa bahari ulipoinuka, na ya kwanza kugusa mchanga ilikuta wanunuzi wana haraka na fedha. Ya kumi iliwakuta wakichagua na kudharau. Mvulana aliyekuwa akifua maji kwa upo, na leo kwa dumu la plastiki lililokatwa, alijua kwamba kila ndoo iliyobaki ndani ni uzito, na kila uzito ni mtu mmoja zaidi atakayewatangulia kwa mnunuzi. Hakufundishwa darasani kupenda ushindi. Alifundishwa na bei.

Mahali ambapo mbio hizi zilipewa heshima ya hadharani, na kuwekewa mpaka na waamuzi, panapojulikana zaidi kuliko pote ni Lamu. Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh bin Alwy Jamal al-Layl mwishoni mwa karne ya 19, ndio kitovu cha Maulidi ya Mfungo Sita, na watu huja kutoka Tanzania, Komoro na visiwa vyote vya karibu. Baada ya kisomo na matwari, mji hutoka kwenda kutazama mbio za punda na mbio za mashua. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kuna pia tamasha la utamaduni la Lamu, na mashua hushindana tena. Vijiji huleta chombo kilicho bora, na siku chache kabla ya mbio hicho chombo hakifanyi kazi nyingine. Hupandishwa mchangani, hukwanguliwa kila kombe na kila uchafu ulioshika, huunguzwa kwa moto wa makuti, husuguliwa na kupakwa mafuta hadi maji yateleze. Tanga la kazi, lenye viraka, huvuliwa, chombo kikavishwa jingine kubwa kuliko busara ya siku ya kawaida.

Kutazama kwa karibu jinsi mashua hizi zinavyogeuzwa kunaeleza kwa nini mabaharia ni wengi kiasi kile. Tanga la foromali haligeuki lenyewe. Nahodha akipita kwenye boya, mara nyingi hukipindua chombo kwa kukipa upepo mgongo. Hapo demani inaachiwa, tanga linapepea mbele kwa kishindo, na watu wawili au watatu wanashika kitako cha foromali na kukivuta nyuma mpaka mti wote unasimama wima ubavuni mwa mlingoti. Wengine wanalipitisha tanga mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili. Kisha kitako kinasukumwa chini upande wa joshi, kinafungwa, demani inavutwa tena, na watu wote wanaruka kuhamia upande ulioinuka. Ikifanywa vizuri, mashua haipotezi mwendo. Mtu mmoja akichelewa, tanga linajifunga kwenye mlingoti, chombo kinakwenda mrama, na waliokuwa nyuma wanapita wakiimba.

Halafu kuna ubao. Katika mbio za Lamu ubao mrefu husukumwa nje upande wa joshi, na mtu au watu hukaa kwenye ncha yake juu ya maji ili uzito wao uzuie mashua isilale. Wengine ndani wanahamisha magunia ya mchanga, na upepo ukipungua magunia hayo humwagwa baharini. Wapo wanaolirushia tanga maji, kwa kuwa pamba ikilowa uzi hubana na upepo haupenyi. Nahodha ameshika kana na macho yake hayako kwa washindani. Yako kwenye rangi ya maji mbele, pale mchirizi wa giza unapomwonyesha upepo unaokuja. A. H. J. Prins, Mholanzi aliyeandika Sailing from Lamu mwaka 1965, aliuelewa mji huo kuwa jamii iliyojengwa kuuzunguka utamaduni wa bahari, na siku ya mbio mtu yeyote asiye msomi huliona hilo bila kitabu. Wazee walioacha bahari zamani hupiga kelele ukingoni kumwambia nahodha avute demani, ingawa hawezi kuwasikia.

Unguja nako matanga yalipata jukwaa lao. Tamasha la filamu la ZIFF, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998 na kujiita la nchi za jahazi, liliweka resi mbele ya Forodhani katika ratiba yake. Kwa ukubwa mwingine kabisa kuna Kraken Cup, iliyoanza kwa jina la Ngalawa Cup katika muongo wa 2010, ambapo wageni hupewa ngalawa bila injini na kushindana kwa siku kadhaa katika visiwa vya Tanzania. Sina chuki nayo. Wavuvi wameuza na kukodisha vyombo, na mgeni aliyekwishapinduliwa na ngalawa humheshimu mvuvi kwa namna ambayo picha haiwezi kumpa. Ila nasikitika kuona mashindano marefu zaidi ya chombo chetu yakipangwa mbali, huku kijana wa Kunduchi akibaki mwalimu wa siku chache.

Wenzetu wa Ghuba walikutana mapema na swali la nini hubaki kazi ya tanga ikiisha. Huko lulu ndiyo iliyowalisha mabaharia, nayo ilianguka baada ya lulu za kufugwa za Kijapani na mdororo wa uchumi ulioanza 1929. Kisha mafuta yakawatoa watu baharini kabisa. Mwaka 1991 Dubai ikaanzisha Al Gaffal, mbio za majahazi ya futi 60 kutoka kisiwa cha Sir Bu Nair hadi mjini, kukumbuka safari ya wazamiaji lulu kurudi nyumbani mwisho wa msimu. Kazi ilikuwa imekwisha zamani, na mbio zikabaki kuwa mahali pekee ambapo mtu anajifunza kukipindua chombo kikubwa.

Kwetu kazi haijaisha, inapungua. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti za mikoko nje ya nchi mwaka 1982, na Tanzania ikazuia ukataji wa mikoko mwaka 1987, hatua ambazo misitu ilizihitaji na ambazo ziliondoa mzigo mkubwa ngamani. Injini za kuning'inia nyuma na boti za faiba zimeingia kila ufukwe, na mvuvi mwenye akili hawezi kulaumiwa kwa kuzichagua. Miembe minene imekuwa adimu. Vilima vya Kinyerezi vilivyokuwa mashamba sasa ni paa za bati. Mafundi wengi wanaunda kwa mbao. Kule Lamu fundi Ali Skanda na wenzake walikwenda mbali zaidi, wakaunda Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, ndala zikiwemo, na mwanzoni mwa 2019 chombo hicho kikashuka kwa tanga kutoka Lamu hadi Unguja, kama kilomita 500. Ubunifu huo ulinipa moyo, kwa kuwa tezo na jicho vilikuwa vilevile hata ubao ulipobadilika.

Kinachonitia hofu ni ujuzi kuwekwa ndani ya jengo na kuachwa humo. Mtepe ulioundwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwekwa katika ukumbi wa Beit al-Ajaib, Unguja, na Desemba 25, 2020 sehemu ya jengo hilo la 1883 iliporomoka na kuua watu. Makumbusho ni muhimu, na Profesa Abdul Sheriff na wenzake walifanya kazi kubwa kuuleta mtepe ule mbele ya macho ya vijana. Lakini hakuna makumbusho yanayoweza kuhifadhi sekunde zile foromali inaposimama wima na watu sita wanajua bila kuambiwa nani avute na nani aachie.

Dar es Salaam ina ghuba ya Msasani, ina Kunduchi na Kigamboni, ina mamilioni ya watu ambao wengi wao, kama sisi wa Kinyerezi, hufika baharini siku za Idi tu. Ina pia wavuvi wanaojua kila mwamba kati ya Mbudya na Bongoyo. Mashindano ya ngalawa ya kila mwaka, yenye msimu wake unaojulikana, majira ya demani, upepo ukiwa umetulia baada ya kusi, hayahitaji uwanja wala majukwaa ya chuma. Yanahitaji maboya matatu, zawadi inayozidi samaki wa siku hiyo ili mvuvi asipate hasara kwa kuja, boti ya uokozi, na kanuni moja ambayo ningeisisitiza: kila ngalawa iwe na kijana asiyezidi miaka 16 miongoni mwa mabaharia wake. Mwaka wa kwanza atafua maji. Mwaka wa pili apewe demani, aachie akiambiwa aachie. Akishajua kuachia kabla hajaambiwa, apewe kana.